Mlima wa Mtoto Usijengwe na Mzazi

Tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mnamo Januari 2019, wazazi wamelalamika sana kuhusu kazi za mradi wanazopewa watoto. Mzazi hufika nyumbani jioni akiwa hoi, akaambiwa kwamba kesho asubuhi mwalimu anataka mfano wa sura ya nchi: milima, mito na mabonde, yote ndani ya katoni. Mtoto hulala. Mzazi hukesha akikata karatasi na kupaka rangi, au humlipa fundi. Kesho yake mwalimu hutoa alama, na alama hizo, tuseme bila kupepesa macho, ni za baba au za fundi.

Malalamiko hayo ni ya haki, ila aghalabu huelekezwa pasipo. Kosa haliko katika kazi yenyewe. Kumwachia mtoto aifinyange nchi yake kwa mikono ni mojawapo ya masomo bora niyajuayo, nami nayasema haya nikiwa mtu wa isimu wala si wa jiografia. Kosa ni kumpokonya mtoto kazi hiyo, maana anayepokonywa udongo hupokonywa pia lugha iliyofungamana nao.

Mfano wa namna hii huitwa diorama, jina lililovuma Paris mwaka 1822, wakati Louis Daguerre na mwenzake Charles Bouton walipofungua ukumbi wa picha kubwa zilizobadilika kwa mwanga. Baadaye makavazi yakalitwaa jina hilo. Jijini New York umo ukumbi uliofunguliwa mwaka 1936 na kupewa jina la Carl Akeley, aliyefariki mwaka 1926 katika mlima Mikeno, mashariki mwa Kongo. Nyuma ya kioo cha ukumbi huo wamo gorila, na nyuma yao zinaonekana volkeno za Kivu. Inasikitisha kidogo kwamba nchi zetu zilifinyangwa kwa ustadi ugenini kabla ya watoto wetu wenyewe kupewa nafasi ya kuzifinyanga.

Tuchukue Kakamega, ambako mwalimu hana haja ya kuazima mlima wa kitabuni. Upo Msitu wa Kakamega, mabaki ya msitu mkuu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo, na ambao hauna mwenzake nchini Kenya. Vipo vilima vya Buyangu na Lirhanda. Upo Mto Isiukhu, unaopitia msituni na kuteremka hadi Mto Nzoia, ambao nao humimina maji yake katika Ziwa Victoria. Baina ya msitu na mashamba upo ukanda wa majani chai, ulioanza kupandwa kandokando ya misitu yetu chini ya mpango wa serikali wa mwaka 1986. Na kando ya barabara ya kwenda Kisumu, pale Ilesi, umesimama mwamba unaolia, wenye kimo cha takriban meta 40, maji yakichuruzika usoni pake.

Ilesi hiyo hiyo inasifika kwa wanawake wafinyanzi. Sijui kwa nini shule humtafuta fundi wa mjini ilhali bibi anayejua udongo yuko jirani. Mfinyanzi atawaambia watoto jambo ambalo halimo kitabuni: udongo ukikauka hujikunyata na kupasuka, hasa ukiwa mnene, na ndiyo sababu huchanganywa na mchanga. Basi milima isijengwe kwa udongo mtupu. Yavurugwe magazeti makuukuu katika uji wa unga, yafinyangwe yawe vilima, yaachwe siku 2 au 3 yakauke, kisha yapakwe udongo mwembamba juu. Chini ya yote kitandikwe kipande cha nailoni ili katoni isilowe. Unga wa mbao ulioloweshwa maji ya majani yaliyopondwa huwa msitu mzuri. Hakuna cha kununua hapo ila unga, nao ni kikombe kimoja.

Kisha huja swali la vipimo, na hapa ndipo watoto hugombana. Tuseme sanduku lina urefu wa meta 1, nalo linawakilisha kilomita 20. Kila sentimita basi ni meta 200, na mwamba wa Ilesi utakuwa na kimo cha milimita 2, sawa na punje ya wimbi. Hakuna mtoto wa Kakamega atakayekubali. Atataka mwamba wake uwe mkubwa kama ngumi, na hana makosa sana: hata wajenzi stadi wa mifano ya ardhi huzidisha vimo makusudi ili vionekane. Lakini na aambiwe kwamba amezidisha, na aeleze kwa nini. Hesabu ya namna hiyo haisahauliki.

Nirudi kwenye lugha. Ngeli za mahali, yaani PA, KU na MU, hufundishwa madarasani kwa kujaza mapengo, nazo husahaulika mara tu mtihani umalizikapo. Mbele ya sanduku, sarufi hiyo hupata kazi. "Mtie mbega humu," asema mmoja, kwa kuwa msituni mna mbega. "Si humo, pale!" adakia wa pili. "Na kule ng'ambo kuna nini?" auliza wa tatu. Hakuna aliyetaja ngeli, lakini zote 3 zimetumika, na aliyekosea amesahihishwa papo hapo kwa sababu mbega wake ametumbukia mtoni.

Mtoto asemaye Kiisukha au Kiidakho ana hazina ya ziada. Lugha za Kiluhya nazo zina ngeli za mahali, na khu- yao huonyesha kitu kilichokalia kingine, ilhali mu- huonyesha ndani. Kwa Kiswahili sisi husema "juu ya", maneno yenye utata: ndege aliye juu ya mlima ametua kileleni au anaruka angani? Watoto wanaojenga hulazimika kuuliza swali hilo, maana ndege wa karatasi lazima abandikwe au aning'inizwe. Na kuanzia Gredi ya 4, masomo mengi yanapofundishwa kwa Kiingereza, ni wapi kwingine watakakoyatumia maneno genge, chemchemi, mteremko na ng'ambo?

Lipo pia lisiloonekana juu ya ardhi. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega, na wazungu wakaikimbilia. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ikarekebisha sheria ya ardhi za Waafrika ili ardhi iweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila mwenyewe kupewa nyingine badala yake. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini hadi leo wapo watu wa Ikolomani wanaoshuka chini kutafuta dhahabu. Je, mashimo yawekwe sandukuni? Kwa maoni yangu yawekwe, hata kama yataharibu uzuri wa kazi.

Walimu watasema madarasa yamefurika, na ni kweli. Basi sanduku moja litoshe watoto 8, na kazi yote ifanyikie shuleni; udongo uwahiwe ungali maji, wala usipelekwe nyumbani. Alama nazo zisitolewe kwa kutazama rangi. Mwalimu amkabidhi mtoto kijiko cha maji, amwonyeshe chanzo cha mto, na kabla hajamimina amwulize maji hayo yatapitia wapi na yatatuama wapi. Aliyejenga atajibu.