Kulitaja Lililo Moyoni

Ukipita wodini katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, hapa Tabora, ukawauliza wanaouguza ndugu zao, "Mnaendeleaje?", wengi watakujibu, "Tunamshukuru Mungu." Ni jibu la imani. Lakini nyuma yake huweza kujificha hofu, uchovu, hata hasira, ambazo hakuna aliyezitaja.

Baadhi yetu tunanyamaza kwa sababu tunadhani kukasirika au kuhuzunika ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1767) inafundisha kwamba hisia zenyewe si njema wala mbaya kimaadili. Wema au ubaya huingia pale akili na utashi vinapohusika. Yesu alilia kwenye kifo cha Lazaro, na Getsemani aliwaeleza wanafunzi wake huzuni iliyomlemea.

Kiswahili kinatupa maneno ya kutosha. Hofu ina kitu inachokiogopa. Wasiwasi mara nyingi hauna. Hasira huwaka ikazimika. Kinyongo huwekwa akiba. Wivu hulinda ulicho nacho. Kijicho huumia kwa alicho nacho mwenzako. Kila kimoja kina dawa yake: mwenye hofu ya majibu ya vipimo anahitaji maelezo ya daktari, mpweke anahitaji mtu wa kukaa naye, mwenye kinyongo anahitaji upatanisho. Tukiviita vyote "stresi", tutatibu pasipouma.

Wapo wanaoeleza kwamba jina Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara iliyopita Tabora, latokana na "bwaga moyo". Wengine husikia humo nafuu ya mpagazi wa Unyamwezi aliyetua mzigo. Wengine, kukata tamaa kwa mtumwa aliyekaribia kuvushwa bahari. Maneno ni yale yale, mioyo ni miwili. Msikilizaji hawezi kujua ni upi mpaka mwenyewe aseme.

Tufanyeje, basi? Kwanza, tuusikilize mwili: kifua kubana, usingizi kupotea, chakula kutopita. Pili, tutafute neno linalolingana na hali hiyo. Tatu, tuseme kwa nafsi ya kwanza: "Niliumia uliponikatiza mbele ya wageni," badala ya "Wewe una dharau." La kwanza hufungua mazungumzo, la pili huanzisha ugomvi. Nne, tuchague wa kumwambia: mwenzi wa ndoa, kiongozi wa kiroho, mwanajumuiya msiri. Na Mungu pia. Zaburi nyingi ni malalamiko aliyopelekewa Yeye.

Kwa mafrateri, jambo hili ni sehemu ya malezi. Katika *Pastores Dabo Vobis* (1992), Papa Yohane Paulo II aliweka malezi ya kiutu kuwa msingi wa malezi yote ya kipadre. Frateri asiyeweza kuutaja upweke wake atapata shida kuutambua kwa mjane atakayemjia kesho parokiani.

Huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili, au mtu akitamani kufa, sala iendelee, lakini tumsindikize hospitali mapema. Kumtafuta daktari si kukosa imani.