Gome la Muthiga na Ugonjwa wa Kiwele

Bwana mkulima, na wewe mama unayeamka alfajiri kukamua, huenda mti huu umesimama mpakani mwa shamba lako. Wakikuyu huuita muthiga, Wakalenjin soget, na Wamaasai osokonoi. Ukitafuna kipande kidogo cha gome lake, ulimi huwaka kana kwamba umeuma pilipili. Wazee walilitafuna kwa ajili ya kikohozi, jino na tumbo, na wengine hutia majani yake katika mchuzi.

Sasa yuko mkulima, awe wa Kihoto kule Naivasha au wa skimu nyingine yoyote ya Nakuru, ambaye ng'ombe wake ameshikwa na ugonjwa wa kiwele. Huyo huuliza: "Ikiwa gome hili linaua vijidudu, kwa nini nitoe fedha kununua dawa?" Kihoto maana yake ni haki, na swali hili ni la haki. Jibu lake ndilo hili.

Ukali ule si bure. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao, waliofanya kazi pamoja na kituo cha wadudu cha ICIPE cha Nairobi, walitangaza kwamba gome hili lina vitu ambavyo viwavijeshi havivitaki kabisa. Jani likipakwa vitu hivyo, kiwavi hakili. Kimoja kiliitwa warburganali, na kingine muzigadiali, jina lililotokana na jina la mti wenyewe. Tangu hapo wataalamu wengi wamejaribu gome hilo juu ya vijidudu pia. Humwaga vijidudu katika kisahani chenye chakula chao mfano wa uji ulioganda, kisha huweka juu yake kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa. Kesho yake hutazama. Ikiwa pande zote za karatasi pako wazi, hapakuota kitu, basi dawa ina nguvu, na upana wa duara hilo hupimwa kwa milimita. Muthiga umeonyesha duara la namna hiyo hata mbele ya stafilokoki, na hao ni miongoni mwa vijidudu viletavyo ugonjwa wa kiwele.

Basi mbona tusichemshe gome tukamnywesha ng'ombe? Sikiliza vizuri. Vitu vile vikali havipendi maji. Katika maabara mara nyingi huvutwa kwa spiriti, na dawa iliyotolewa kwa maji huwa dhaifu zaidi. Tena kisahani si ng'ombe. Katika kisahani dawa hukutana na kijidudu uso kwa uso. Katika ng'ombe hupita tumbo lenye vyumba vinne kabla ya kufika kwenye kiwele, kama itafika. Usithubutu pia kuisukuma ndani ya chuchu kwa bomba. Kitu kinachochoma ulimi wako kitachoma nyama laini ya ndani, na chuchu iliyokufa haifufuki.

Kwa hiyo kamulia matone ya kwanza katika kikombe cheusi kila asubuhi. Ukiona mabonge au maji maji, mwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi. Akitoa dawa, maliza siku zote alizosema, na maziwa ya siku zilizokatazwa usiyapeleke kwenye chama wala usiwape watoto.

Sisemi elimu ya wazee haina mahali katika maziwa. Tazama kibuyu kinachofukizwa kwa mti wa mutamaiyu, ambao Wamaasai huuita oloirien. Moshi huacha ndani ya kibuyu vitu vinavyozuia vijidudu, na vitu hivyo hivyo huzuia hewa isiharibu mafuta ya maziwa yakachacha. Wataalamu hupima nguvu hiyo ya pili kwa maji ya rangi ya zambarau: dawa ikiwa njema, zambarau hufifia ikawa manjano. Mama wa kibuyu hupima kwa pua yake, na mara nyingi hakosei.

Neno moja juu ya mti wenyewe, kwani muthiga mingi imekufa ikisimama. Chakula cha mti hushuka kutoka majani hadi mizizi kwa njia ya gome la ndani. Ukilibandua kuzunguka shina lote, mizizi hufa kwa njaa. Ukitaka kitu cha kutafuna, chuma majani, kwani nayo ni makali, au kata tawi dogo ubandue gome lake. Na ukitaka kuupanda, okota matunda yaliyoiva, safisha mbegu, uzipande zikiwa mbichi kitaluni penye kivuli. Ukiziweka ghalani hadi mvua ya mwakani, hazitaota.