Turbo ao bila turbo: motokari gani kwa koperativi?

Mahindi yetu yanavunwa wakati mvua bado inapiga na potopoto imejaa njiani. Njo wakati ule ule tunatafuta motokari ya kuyafikisha Kamina, karibu na treni na wanunuzi.

Hivi karibuni nilikaa na koperativi moja ya njia ya Kabongo. Walichanga pesa misimu mitatu ili wanunue Land Cruiser iliyokwisha kutumika. Vijana walitaka ya turbo: inapanda kilima na mzigo. Wazee walikataa: turbo ikikufa, motokari inalala. Kila upande una ukweli wake.

Turbo inafanya nini?

Motere inahitaji hewa ili ichome mazuti. Motere ya kawaida inavuta hewa yenyewe. Turbo ni feni mbili ndogo kwenye chuma kimoja: moja inazungushwa na moshi unaotoka, ingine inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya motere. Hewa ikiwa nyingi, mazuti mengi zaidi yanaungua, na nguvu inapanda.

Kwetu hiyo si kitu kidogo. Kamina iko juu ya mita 1000, na hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu 1 juu ya 10. Motere bila turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho. Ya turbo inapoteza kidogo.

Tuangalie Land Cruiser za kazi. Motere 1HZ, iliyotoka mwaka wa 1990, ina lita 4,2 na silinda 6, bila turbo, na nguvu ya farasi 130 hivi. Ile ya lita 2,8 yenye turbo, iliyoingia katika motokari hizo mwaka wa 2023, ni ndogo lakini inatoa farasi 204. Kwa nguvu, vijana wana haki.

Adui ni nani?

Watu wanasema turbo inaharibika upesi. Mara nyingi kosa liko pengine. Motere za kisasa zinapuliza mazuti kwa mgandamizo mkali sana kupitia matundu membamba, na kompyuta njo inaamuru. Maji ao mchanga kidogo kutoka bidoni ya kando ya njia unatosha kuharibu injekta. 1HZ pia haipendi uchafu, lakini inavumilia zaidi: pampu yake ni ya chuma tu, na mafundi wengi wanaijua. Kuna pia turbo za zamani zisizo na kompyuta. Hizo ziko katikati.

Turbo yenyewe inauawa na mafuta ya motere. Chuma chake kinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika, na kinategemea mafuta safi tu. Katika mradi mmoja niliofanya kazi, shofere alikuwa anafika na mzigo na kuzima motere papo hapo. Turbo ikaungua. Tulingojea pyesi majuma matatu, na mihogo mikavu ya watu ikalowa ndani ya depo.

Mbele ya kutoa pesa, mjiulize:

1. Fundi wa karibu anajua kufungua motere gani? Ana pyesi?
2. Mazuti yetu yanatoka pompi ao bidoni?
3. Nani atabadilisha mafuta na filta kwa wakati, na kuandika katika kayé?
4. Mzigo wetu ni tani ngapi, na vilima viko?

Juu ya mazuti, musiamini maneno. Jazeni tanki, andikeni kilometa, fanyeni safari na mzigo, jazeni tena. Lita mlizoongeza gawanyeni kwa kilometa, zidisheni mara 100.

Kama majibu ya 1 mpaka 3 ni mabaya, chukueni isiyo na turbo, hata kama inapanda polepole. Kama ni mazuri na mzigo ni mkubwa, turbo itawalipa. Shofere aache motere izunguke dakika mbili mbele ya kuizima.

Ile koperativi ilichagua bila turbo, na pesa iliyobaki wakanunua filta za mwaka mzima na pipa safi la kutuliza mazuti. Kijana aliyepiga kelele zaidi kwa ajili ya turbo, njo yeye wamemupa kayé ya motokari.