Shahada ya amani kwa mshahara wa Geita na Shinyanga: ulipie ipi?

Kati ya Kahama na Katoro, ugomvi mwingi wa dhahabu huanzia kwenye viroba. Mawe yametoka, viroba vimepangwa pembeni ya duara, yaani shimo la kuchimbia, na kila mtu anapiga hesabu ya chake kabla mgao haujatangazwa: mwenye leseni, mwenye shamba, mwenye duara aliyegharamia mbao na chakula, na vijana walioshuka chini. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo, chini ya turubai, karasha la kusaga mawe limezimwa ili watu wasikilizane. Mzee mwenye shamba alisema taratibu, "Wanangu, hapa nililima pamba kabla hiyo leseni haijaandikwa." Msemaji wa vijana akamjibu, "Ni kweli, baba, lakini tuliolala humo shimoni ni sisi." Mtendaji wa kata alikaa katikati na daftari lake. Silaha yake ilikuwa busara aliyozaliwa nayo, namba ya simu ya ofisi ya madini, na hofu kwamba wakiachana hivyo, usiku mapanga yatatoka.

Watu kama huyo mtendaji ndio wanaouliza habari za shahada ya uzamili ya amani na utatuzi wa migogoro. Wengine ni maafisa maendeleo ya jamii, wafanyakazi wa mashirika, watumishi wa idara za mahusiano migodini, mapadri, wachungaji na masheikh. Hawaulizi kwa kupenda vyeo. Ukanda huu una madeni ya zamani. Sungusungu walizaliwa upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowashinda polisi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo kwa maelfu waliondolewa Bulyanhulu, na kilichotokea kwenye yale mashimo kinabishaniwa mpaka leo. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na wakazi wa jirani wamelalamikia nyufa za nyumba na fidia kwa miaka mingi. Ongeza mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi kuanzia 2007. Kazi ipo, na ni kazi ya kitaalamu. Lakini elimu yake ina bei, na bei hiyo inatofautiana mno kutegemea mlango unaoingilia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukiujua. Kama unalipa kwa fedha yako mwenyewe, usivuke mipaka ya Afrika Mashariki. Ulaya nenda mtu mwingine akilipa, ada na chakula pia. Na kama shida yako ni kusuluhisha vizuri zaidi ya unavyosuluhisha sasa, huenda unachohitaji mwaka huu si shahada ya uzamili.

Tuanze na hati ya mshahara, maana ndiyo inayoamua mengi kuliko barua ya udahili. Chukua mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000, aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 135,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5, ni 45,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 27,000. Kodi ya mapato inakaribia 92,000. Mkononi anabaki na kama 601,000. Utaratibu wa utumishi unataka makato yote kwa pamoja yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, ambayo hapa ni 300,000. Maana yake benki haiwezi kumkata zaidi ya laki tatu kwa mwezi, sawa na milioni 3.6 kwa mwaka, na hapo tayari kodi ya nyumba, unga na ada za watoto vinapigania hiyo laki tatu iliyobaki. Hicho ndicho kimo cha mfuko wake. Shahada yoyote inayozidi hapo italipwa kwa kuuza ng'ombe au kiwanja, au kwa mikopo ya kausha damu, na hii ya mwisho nakusihi uiogope kuliko unavyoogopa kukosa chuo.

Usitegemee kwamba Bodi ya Mikopo itakukopesha tena. Fedha zake kwa sehemu kubwa sana ni za shahada ya kwanza.

Gharama inayosahaulika kuliko zote ni mshahara unaoachwa. Aliye kwenye ajira ya kudumu serikalini, akipata ruhusa ya masomo, anaweza kuendelea kulipwa. Aliye kwenye mkataba wa mradi wa miaka miwili hana bahati hiyo. Akiacha kazi kwa miezi 12 anapoteza, kwa mshahara ule ule wa 900,000, shilingi 10,800,000 kabla ya makato. Iweke hiyo kwenye hesabu kama ada, kwa sababu ni ada. Ndiyo maana chuo cha mbali chenye ada ndogo kinaweza kuwa ghali kuliko cha karibu chenye ada kubwa kinachokuruhusu kubaki kazini.

Cha karibu kuliko vyote ni Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kina vituo Shinyanga na Geita, na kimeundwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi. Kimekuwa kikifundisha uzamili wa utawala na uongozi, na wa misaada ya kibinadamu, ushirikiano na maendeleo. Hizo si shahada za amani kwa jina, na mwajiri mwenye haraka anaweza kulikosa neno analolitafuta. Lakini tasnifu ni yako. Ukiandika juu ya mgao wa viroba Nyarugusu, au mabaraza ya ardhi ya Msalala, ukafuata barua ya kibali kwa katibu tawala wa mkoa na kwa mkurugenzi wa halmashauri, ukakaa na wahusika miezi kadhaa, utakuwa umejifunza utatuzi wa migogoro hata kama cheti kimeandikwa utawala. Hasara yake ni upweke. Masomo ya masafa yanataka mtu anayejisukuma mwenyewe, na wengi huishia njiani kwenye utafiti, wakiwa wamelipa karibu kila kitu. Ukijijua kuwa huamki bila kuamshwa, hili lisikie.

Mwanza pako karibu zaidi sasa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Geita havuki tena kwa kusubiri kivuko. Ila usikimbilie Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) cha pale ukidhani utakuta shahada ya amani kwa sababu tu ni chuo kikubwa cha Kanisa. Soma kwanza orodha ya masomo ya mwaka husika. Dar es Salaam nayo ina vyuo vya diplomasia na uongozi, kikiwemo Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, kilichoanzishwa 1978. Diplomasia ni kazi ya mataifa, mikataba na itifaki. Mgogoro wa duara una lugha nyingine kabisa, na kodi ya chumba Dar itakula kile ulichookoa kwenye ada.

Sasa majirani, na hapa ndipo ningetua kwa muda mrefu. Kenya ina kitu ambacho kwetu bado ni haba: shahada za uzamili zinazobeba amani kwenye jina na kwenye ratiba. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kinayo ya amani na migogoro. Hekima, ya Wajesuiti jijini Nairobi, ina taasisi ya amani na uhusiano wa kimataifa tangu 2004. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha usimamizi wa migogoro ya kimataifa. Africa Nazarene kinaunganisha utawala, amani na usalama. Kwa mtu wa Geita, Kakamega ndiyo ya kuangalia kwanza. Unapita Mwanza, Sirari, Kisii, Kisumu, na kutoka Kisumu ni kama kilomita 50. Vilio vya huko vinafanana na vya kwetu, kwa sababu Kenya ya Magharibi nayo ina wachimbaji wadogo wa dhahabu na ugomvi wa ardhi wa siku nyingi. Nairobi ina maktaba bora na mashirika mengi, pamoja na kodi ya nyumba itakayokunyima usingizi.

Kabla ya kulipa fomu Kenya, uliza mambo yafuatayo kwa maandishi. Je, mwananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa ada ya Mkenya au ya mgeni? Jumuiya ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, lakini tangazo la marais haliandiki ankara. Ankara anaiandika mhasibu wa chuo. Je, madarasa ni ya kila siku, ya wikiendi, au ya vipindi vya likizo? Je, lazima uchapishe makala kwenye jarida kabla ya kuhitimu? Sharti la mwisho linaonekana dogo kwenye fomu, lakini linaweza kukuchelewesha mwaka mzima, na kila muhula wa nyongeza una ada yake. Pasipoti ni shilingi 150,000. Wasiliana na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kabla ya kuondoka, kwa sababu ukirudi ndiyo itakayosema kama cheti chako kinatambulika.

Uganda, Makerere wana uzamili wa amani na migogoro, na Gulu wana taasisi yao iliyokua ndani ya majeraha ya vita vya kaskazini. Gulu inamfaa anayetaka kujifunza jinsi jamii inavyowapokea tena waliokosa, jambo ambalo vijiji vya Shinyanga vyenye historia ya mauaji ya vikongwe vinalihitaji sana. Ni mbali, lakini nisingemzuia mtu.

Ulaya nitaisema kwa kifupi, kwa sababu bila mfadhili mlango umefungwa kwa wengi wetu. Watu bado wanaambiana kwamba Norway ni bure. Hiyo ilikwisha msimu wa vuli wa 2023, na sasa wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada. Sweden walianza kutoza mwaka 2011. Ujerumani bado vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, na Magdeburg wana uzamili wa amani na migogoro kwa Kiingereza, lakini ubalozi utataka kuona euro 11,904 kwenye akaunti maalumu kwa ajili ya kuishi mwaka mmoja. Hiyo inapita shilingi milioni 30. Uingereza, mbali na ada ya chuo na viza, mwanafunzi analipa pauni 776 kwa mwaka za huduma ya afya, kabla hajanunua hata shati la baridi. Chevening hulipia yote hayo kwa mwaka mmoja, nayo inataka uzoefu wa kazi wa miaka 2 na ahadi ya kurudi nyumbani kwa angalau miaka 2. Bradford, ambako idara ya amani ilifunguliwa 1973, ni jina kubwa kwenye fani hii. Kwenda huko kwa kuuza shamba la ukoo ni kosa.

Lipo jambo ambalo wauzaji wa elimu hawalisemi. Mwajiri wa ukanda huu mara nyingi hanunui shahada peke yake. Kampuni zenye migodi ya ukanda huu, AngloGold Ashanti na Barrick, ziko kwenye Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu za mwaka 2000, na idara zao zinahitaji mtu anayejua malalamiko yanapokelewaje, yanarekodiwaje na yanajibiwa lini. Halmashauri zinahitaji anayeelewa mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii (CSR) ambao sheria ya madini, baada ya marekebisho ya 2017, inataka mgodi ukubaliane nazo kila mwaka. Na mabaraza ya kata, tangu marekebisho ya 2021, hayaamui tena kesi za ardhi, yanasuluhisha. Ghafla nchi nzima imewakabidhi wajumbe wa kata kazi ya usuluhishi, wengi wao bila mafunzo ya kutosha. Hilo linaniuma, na ndilo pengo kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Kwa hiyo kuna njia ya gharama ndogo ambayo mtendaji wa kata au mjumbe wa baraza aiangalie kwanza. Kanuni za mwaka 2021 zimeweka utaratibu wa kusajili watoa huduma za maridhiano, majadiliano, usuluhishi na uamuzi chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Mafunzo mafupi ya usuluhishi yakifuatiwa na usajili yanakupa hadhi ya kisheria ya kukaa mezani, wakati uzamili unakupa nadharia na hatua ya kupanda cheo, kama muundo wa utumishi wa kada yako unaitambua fani hiyo. Muulize afisa utumishi kabla hujamuuliza mkuu wa idara ya chuo. Wapo waliorudi na vyeti vizuri wakakuta muundo hauvitaji, na mshahara ukabaki pale pale.

Mwenye uzoefu wa kazi na Kiingereza kizuri ajaribu pia ufadhili wa masomo ya amani wa Rotary. Kila mwaka wanafadhili hadi watu 50 kwa uzamili na hadi 80 kwa masomo mafupi ya kitaalamu, wakilipa ada, malazi, chakula na nauli. Uzamili unataka uzoefu wa miaka 3 na unasomwa nje ya nchi yako. Bradford na Uppsala ni miongoni mwa vituo. Kituo cha Makerere, ambacho ni cha masomo mafupi, kinataka uzoefu wa miaka 5, kinalenga kazi za amani Afrika, na sehemu kubwa ya mwaka unaifanya ukiwa kwenye eneo lako la kazi, kwa hiyo mshahara unaweza kuendelea. Jua tu kwamba kinatoa stashahada ya uzamili, ambayo kwenye ngazi za TCU iko chini ya shahada ya uzamili. Wanachama wa Rotary na watoto wao hawaruhusiwi kuomba. Maombi hufunguliwa Februari na kufungwa 15 Mei, na barua za wadhamini huchelewa kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo mwombe mkurugenzi wako barua hiyo Januari.