Je, Wajua? Elimujamii Ilivyokaa Sokoni Keumbu

Keumbu iko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Keroka. Mwenye haraka ndani ya matatu huona mikungu ya ndizi na boda boda tu. Anayeshuka na kutulia huona zaidi: nani humwamkia nani kwanza, nani hukopeshwa, nani hutiliwa nyongeza kwenye mfuko na nani hurudishiwa chenji bila neno. Kuna elimu nzima inayochunguza mambo hayo, na watu wa Kisii na Nyamira wamechangia humo kuliko wengi wanavyojua.

MAJINA NA ASILI

Je, wajua kwamba jina la kigeni la elimu hii, sosiolojia, ni mseto? Mfaransa Auguste Comte alilieneza katika miaka ya 1830 kwa kuunga neno la Kilatini na la Kigiriki. Letu, elimujamii, halina mgongano huo: elimu na jamii yote mawili yana asili ya Kiarabu.

Je, wajua kwamba karne nne na ushee kabla ya Comte, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika mwaka 1377 kuhusu kinachofanya tawala ziinuke na kuanguka? Jibu lake lilikuwa *asabiya*, ule moyo wa kushikana wa watu wanaojiona ni wamoja. Neno letu taasubi limetoka kwenye mzizi huohuo. Kushikana kukizidi, huko ndiko kunakoishia.

Je, wajua kwamba mtoto wa Kigusii akiita "baba!" anayeitika ni mama? Kwa Ekegusii, lugha ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, *baba* ni mama mzazi, na *tata* ndiye baba. Mgeni anayedhani majina ya ukoo ni yaleyale kila mahali atakosea tangu salamu ya kwanza. Ndiyo maana mtafiti huanza kwa kuuliza watu wanaitanaje.

Je, wajua kwamba Kiswahili na Ekegusii vinakutana kwenye aibu? Sisi tuna soni, Abagusii wana *ensoni*. Wingi wake, *chinsoni*, ni kanuni za heshima kati ya vizazi. Kwa mujibu wake, baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna askari wa kuisimamia kanuni hiyo, na bado inashika. Wanaelimujamii huita jambo la namna hii kaida: sheria inayolindwa na macho ya watu.

Je, wajua kwamba mafiga ni elimujamii? *Riiga*, jiwe la mekoni, ndilo neno ambalo Abagusii hulitumia pia kwa tawi la ukoo. Mafiga huwa matatu, na Mjerumani Georg Simmel alionyesha mwaka 1908 kwamba kundi la watatu ni kitu kingine kabisa likilinganishwa na la wawili. Wawili wakigombana, kundi limekwisha. Akiwepo wa tatu, panapatikana msuluhishi, au mchochezi, au mshindi anayengoja wenzake wachoke. Sufuria inalijua hilo siku zote.

WALIOKUJA KUULIZA

Je, wajua kwamba serikali ya kikoloni iliwahi kumwajiri mwanaelimujamii awachunguze Abagusii? Huyo ni Philip Mayer, aliyefanya kazi huku mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuandika juu ya ukoo, mahari na jando. Maandishi yake bado yanasomwa. Ila ni haki kukumbuka kwamba aliyelipa mshahara ndiye pia aliyetaka kutawala kwa wepesi. Kila utafiti una mlipaji, na msomaji mwerevu humuuliza ni nani.

Je, wajua kwamba kijiji kimoja cha Gusii kinafahamika katika vyuo vingi duniani? Robert na Barbara LeVine waliishi huku katikati ya miaka ya 1950, wakakiita Nyansongo katika kitabu chao cha mwaka 1966. Kilikuwa kimoja kati ya vijiji na mitaa sita iliyochunguzwa kwa mpango mmoja. Mingine ilikuwa Mexico, Ufilipino, Okinawa, India na Marekani.

Je, wajua watoto wa Nyansongo walionekanaje? Watafiti walikaa kimya wakiandika kila anachofanya mtoto kwa vipindi vifupi. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1975, watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwa waliotunza na kusaidia wengine zaidi. Wale wa mji wa Marekani walielekea zaidi kutafuta kuangaliwa na kusaidiwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kazi: mtoto anayebeba mdogo wake, kuteka maji na kuchunga ng'ombe hujifunza mapema kwamba nyumba inamtegemea.

Je, wajua kwamba kwa majirani zetu Waluo, Carol Ember aligundua jambo linalofanana na hilo? Mwaka 1973 alieleza kwamba wavulana waliopewa kazi za nyumbani zilizohesabiwa kuwa za wasichana walikuwa wapole zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Mzazi, mpe kijana ufagio.

Je, wajua kwamba akina mama wa Gusii walifundisha ulimwengu kuhusu malezi? Robert LeVine alirudi katika miaka ya 1970 na wenzake, wakawalinganisha na akina mama wa vitongoji vya Boston. Mama wa Boston alimtazama mtoto usoni, akamsemesha, akamchekesha hadi arushe mikono. Mama Mgusii alimbeba karibu na mwili, akamnyonyesha mara tu alipolia, na hakumchangamsha kupita kiasi. Alitaka mtoto atulie. Waliozoea vitabu vya Marekani wangeweza kudhani huyu wa pili hapendi. Kitabu chao cha mwaka 1994 kilieleza kwamba kila mmoja alikuwa na lengo lake: Boston iliandaa mtoto wa kuzungumza, Gusii ililinda uhai kwanza katika mahali ambapo vifo vya wachanga vilikuwa vimewaumiza wengi. Upendo ulikuwepo kotekote, ila ulivaa nguo tofauti. Hapo ndipo ilipo kanuni kubwa ya elimu hii: usipime mila ya mtu kwa kibaba cha kwenu.

Je, wajua kwamba umbali kati ya nyumba unaweza kueleza shutuma za uchawi? Mwaka 1962 LeVine alilinganisha Waluo, Abagusii na Kipsigis. Wake wenza walipoishi boma moja, kama kwa Waluo, shutuma kati yao zilikuwa nyingi. Walipoishi mbalimbali, kama kwa Kipsigis, zilipungua. Abagusii walikuwa katikati. Huu ndio ulinganishi, mbinu inayomwezesha mtafiti kutafuta chanzo kwenye mpango wa maisha badala ya kumtafuta mtu wa kulaumu. Mahali ambapo wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma kama hizo, mbinu hiyo ingeweza kuokoa roho.

Je, wajua kwamba mahari, ardhi na hadhi ya mwanamke ni fundo moja? Thomas Håkansson alilifungua katika kitabu cha mwaka 1988. Zamani ng'ombe wa mahari walimpa mwanamke haki ya kulima na kukaa. Ndoa bila mahari zilipozidi na ardhi ikawa haba, wanawake wengi walibaki bila haki hiyo kwa mume wala kwa baba. Mabadiliko ya mila moja huvuta nyingine kama uzi wa fulana.

SOKO KAMA DARASA

Je, wajua kwamba risaga inamweleza Émile Durkheim vizuri kuliko vitabu vingi? Katika risaga, majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao, naye huwapa chakula na kinywaji. Durkheim aliandika mwaka 1893 kwamba watu hushikamana kwa kufanana, kama hao wenye majembe, au kwa kutofautiana, kama mkulima wa ndizi, dereva wa lori na fundi wa simu ambao kila mmoja hukwama bila mwenzake. Keumbu ina vyote viwili, hata kwa siku moja.

Je, wajua kwamba msomi mashuhuri alidhani chama kingekuja kufa? Mwaka 1962 Clifford Geertz alieleza kwamba vyama vya kuchangiana kwa zamu ni ngazi ya kati: watu wakizoea benki, wataviacha. Sasa kuna benki na pesa ziko kwenye simu, na chama cha akina mama bado kinakutana. Benki huangalia dhamana. Chama huangalia kama ulikuja kwenye matanga ya mwenzako.

Je, wajua kwamba kazi mara nyingi huletwa na mtu usiyemjua sana? Mark Granovetter aliwahoji wafanyakazi karibu na Boston na kuandika mwaka 1973 kwamba wengi walipata habari za kazi kwa watu waliokutana nao mara chache. Ndugu yako anajua unayoyajua. Dereva wa lori anayepita Keumbu mara moja kwa wiki anajua ya Nairobi na Nakuru. Msalimie.

Je, wajua kwamba Erving Goffman alijifunza mengi jikoni mwa hoteli ndogo visiwani Shetland? Aliona mhudumu akibadilika uso anapovuka mlango wa kwenda kwa wageni. Akaandika kwamba sote tuna jukwaa na nyuma ya pazia. Tazama mchuuzi akimsifia mteja ndizi, kisha akigeuka kuongea na jirani yake kwa Ekegusii.

Je, wajua kwamba Max Weber alitaja mamlaka ya aina tatu? Ya mila, kama ya wazee wa ukoo. Ya karama, kama ya nabii Sakawa. Na ya sheria, kama ya chifu mwenye barua ya serikali. Huku Gusii zote tatu zimewahi kugombania watu walewale. Imani ya Mumbo, iliyoanzishwa Alego, kwa Waluo, mwaka 1913 na Onyango Dunde, ilipofika huku, ilipinga ukoloni kwa nguvu ya unabii. Mwanaelimujamii Audrey Wipper aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1977.

Je, wajua kwamba uvumi unaweza kujitimiza? Robert Merton alieleza hivyo mwaka 1948. Ukisema sako imefilisika, wanachama wote watakimbilia kutoa akiba, na sako iliyokuwa nzima itaanguka kweli. Kisha aliyevumisha atasema, "Si niliwaambia?"

JINSI YA KUULIZA

Je, wajua kwamba watu wengi si lazima wawe watu sahihi? Mwaka 1936 jarida la *Literary Digest* la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Rais Roosevelt atashindwa uchaguzi. Alishinda majimbo 46 kati ya 48. Jarida lilikuwa limetumia orodha za wenye simu na magari, na maskini hawakuulizwa. George Gallup, kwa sampuli ndogo iliyochaguliwa vizuri zaidi, alimtaja mshindi.

Je, wajua kwamba kutazamwa hubadilisha watu? Wasomi walichunguza kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago kuanzia mwaka 1924 hadi 1932, na ikasemwa kwamba wafanyakazi walijitahidi kwa sababu tu walikuwa wanaangaliwa. Baadaye ilibainika hadithi ile ilitiwa chumvi, lakini onyo lake linabaki kwa kila anayeingia sokoni na daftari.

Je, wajua kwamba W. E. B. Du Bois alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu weusi wa Philadelphia kuhusu maisha yao, akatoa kitabu mwaka 1899? Alionyesha kwamba umaskini wao ulitokana na ubaguzi na historia. Alikufa Accra, Ghana, mwaka 1963.

Je, wajua kwamba sensa humuuliza kila mtu, na sampuli huuliza wachache kwa niaba ya wengi? Sensa ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Mpaka wa kaunti hizo mbili unapita Keroka, katikati ya watu wenye lugha moja na soko moja.

Je, wajua kwamba utafiti unaweza kufungua njia pale sheria pekee imekwama? Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Bado, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 uliona kwamba zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 wa Kigusii wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 1996 Gerry Mackie alieleza kwa nini wazazi wenye upendo huendelea: kila familia inaogopa binti yake abaki peke yake bila mchumba. Alichukua mfano wa China, ambako kufunga miguu ya wasichana kulidumu karne nyingi kisha kukaisha kwa muda mfupi, familia zilipoapa pamoja kutofunga binti zao na kutowaoza wana wao kwa waliofungwa. Mwaka 1997 kijiji cha Malicounda Bambara nchini Senegal kilitangaza hadharani kuacha ukeketaji. Siri ni kuacha kwa pamoja, na mahali pa kuahidiana pamoja ni kanisani, kwenye chama na sokoni.

Je, wajua kwamba Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London chini ya Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu kuhusu watu wake mwenyewe, Wagikuyu? Aliyezoea kuona watu wake wakiandikwa aliamua kuandika. Gusii imejibu maswali ya wageni tangu enzi za Mayer, kwa ukarimu na subira. Kijana wa Keumbu, sasa uliza wewe.

SWALI LA WIKI HII: Nenda sokoni na daftari dogo, ukae saa moja penye ndizi. Andika kila anayetiliwa nyongeza na kila asiyetiliwa: ni mwanamume au mwanamke, mwenyeji au mgeni, alisalimu au hakusalimu. Kisha mwombe mama muuzaji akueleze sababu, na usimkatize.