Data ikifutika kwenye seva zote, hurudishwaje? Fahamu kazi iliyo nyuma ya bakapu za wingu

Ilikuwa usiku wa Januari 31, 2017. Mhandisi mmoja wa GitLab, tovuti ambayo waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, alikuwa akihangaika na seva ya akiba iliyogoma kwenda sambamba na seva kuu.

Akaamua kufuta folda ya data kwenye ile seva ya akiba ili aanze upya. Sekunde moja au mbili baadaye akashtuka: amri ile ameipiga kwenye seva kuu.

Aliisimamisha haraka, lakini maji yalishamwagika. Kati ya takriban GB 300 za data, zilibaki kama GB 4.5 tu.

Bado kulikuwa na tumaini. Bakapu za kila siku zilitakiwa kuwa kwenye Amazon S3, ghala la kuhifadhi mafaili mtandaoni. Wahandisi wakalifungua. Hamna kitu.

Kisa hiki, ambacho GitLab yenyewe ilikieleza hadharani, kinagusa jambo ambalo watumiaji wengi wa simu hawalioni. Salio lako, ujumbe wako na oda zako zote zimo ndani ya kanzidata ya mtu fulani. Siku ikifutika, inarudije?

Kanzidata iliyosambazwa ni nini?

Zamani, kanzidata ilikaa kwenye mashine moja. Leo huduma kubwa hugawa data kwenye mashine nyingi zinazofanya kazi kama kitu kimoja. Kundi hilo huitwa klasta, na kila mashine ndani yake ni nodi.

Mfano ni Cassandra, kanzidata iliyoanzia Facebook na kuachiwa watu wote waitumie bure mwaka 2008.

Fikiria siku ya kupiga kura. Kituo kina vyumba kadhaa, na watu hupangwa kwa herufi za majina: A hadi D chumba hiki, E hadi J chumba kile. Cassandra hufanya hivyo hivyo. Kila nodi hupewa fungu lake, na mfumo unajua rekodi fulani iko fungu gani.

Kisha kila rekodi hunakiliwa kwenye nodi zaidi ya moja, mara nyingi tatu. Nodi moja ikizima, nyingine zinaendelea kujibu, na mteja hata hajui kama kuna tatizo.

Kama nakala ziko tatu, bakapu ya nini?

Hapa ndipo wengi hukosea. Nakala tatu zinakukinga dhidi ya mashine kuharibika. Hazikukingi dhidi ya amri mbaya.

Ukifuta rekodi, mfumo unafuta nakala zote tatu, tena kwa haraka na kwa uaminifu mkubwa. Programu yenye kasoro ikiandika takwimu za uongo, uongo huo nao unanakiliwa mara tatu.

Mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulijifunza hilo Mei 2024. Mifumo yake ilikuwa kwenye wingu la Google, ikiwa na nakala katika maeneo mawili tofauti ili moja likianguka jingine libebe.

Lakini sehemu moja ya mipangilio ilikuwa imeachwa wazi wakati Google ikiandaa huduma hiyo. Kwa sababu hiyo mfumo ukaipa huduma muda wa mwaka mmoja, na muda ulipoisha ukaifuta yenyewe. Kwa mujibu wa tamko la pamoja la kampuni hizo mbili, ufutaji ulipita maeneo yote mawili.

Wanachama walikaa zaidi ya wiki bila huduma kamili. Kilichookoa jahazi ni bakapu: zile zilizokuwa kwenye ghala la mafaili la Google, ambalo halikuguswa, na nyingine zilizohifadhiwa kwa mtoa huduma mwingine.

Bakapu ya klasta inachukuliwaje?

Kwenye Cassandra, faili la data likishaandikwa diskini halibadilishwi tena. Mabadiliko mapya huenda kwenye faili jipya. Kwa hiyo kuchukua bakapu ni kama kubandika karatasi inayosema "mafaili haya yasiguswe". Huchukua muda mfupi sana, na mwanzoni haili nafasi.

Shida ni kwamba mafaili hayo bado yako kwenye diski ile ile. Diski ikiungua, yanaungua nayo. Ndiyo maana kila nodi hupakia mafaili yake kwenye ghala la wingu, mbali na klasta.

Kuna kitu kingine ambacho mafundi wasio makini hukisahau: ramani. Mafaili peke yake hayatoshi. Lazima pia kuhifadhiwa muundo wa majedwali, pamoja na orodha inayoonyesha nodi ipi ilikuwa na fungu lipi.

Kazi ya kurejesha, hatua kwa hatua

*1. Kusimamisha uharibifu.* Kwanza programu zote zinazoandika data huzimwa. Kurejesha wakati data mbovu bado inaingia ni kuchota maji kwa pakacha.

*2. Kuchagua saa ya kurudi.* Ikiwa kosa lilitokea saa 8 mchana, bakapu ya saa 10 jioni haina maana, maana imebeba kosa lenyewe. Mafundi hutafuta ya mwisho iliyo safi.

*3. Kujenga klasta mpya yenye sura ya ile ya zamani.* Kama zilikuwa nodi 6, zinawashwa 6, na kila moja inapewa fungu la mwenzake wa zamani. Ukipeleka daftari la A hadi D kwenye chumba cha E hadi J, mpiga kura hataona jina lake, ingawa daftari lipo. Idadi ya nodi ikibadilika bado inawezekana, ila data yote lazima ichambuliwe na kugawanywa upya, na hapo muda unaongezeka.

*4. Kurudisha muundo wa majedwali.* Huu hutangulia data. Bila huo, mafaili ni marundo yasiyo na majina.

*5. Kushusha mafaili na kuyapakia.* Kila nodi huchukua yake kutoka kwenye ghala na kuyasoma.

*6. Kusuluhisha tofauti.* Nodi hazikupigwa picha kwa sekunde ile ile, hivyo nakala tatu za rekodi moja zinaweza kupishana kidogo. Cassandra ina amri ya kuzilinganisha na kuzifanya ziwe sawa. Kanzidata nyingine, kama CockroachDB, hupunguza kazi hii kwa kuchukua bakapu ya klasta nzima kama ilivyokuwa wakati mmoja.

*7. Kuhakiki kabla ya kufungua mlango.* Rekodi huhesabiwa, akaunti chache huchunguzwa kwa macho, na ndipo wateja huruhusiwa kurudi.

Inachukua muda gani?

Hesabu yake si ngumu. Klasta yenye TB 10 ni gigabiti 80,000. Ukiivuta kwa njia moja ya kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, utahitaji sekunde 80,000. Hiyo ni zaidi ya saa 22, na bado hujapakia wala kuhakiki.

Lakini nodi 10 zikivuta kwa pamoja, kila moja TB 1 kwa kasi hiyo hiyo, zinamaliza kwa saa 2 na dakika kama 13. Hiyo ndiyo faida ya kusambaza data. Na ndiyo sababu ile ramani ya mafungu ina thamani: bila hiyo, nodi haijui ivute lipi na iache lipi.

Diski nazo zina kauli yake. Zikiwa za polepole, kasi ya intaneti haisaidii.

Hatari ya data iliyofutwa kufufuka

Kuna mtego mwingine. Ukifuta kitu kwenye Cassandra, mfumo hauking'oi papo hapo. Huweka alama ya kwamba kimefutwa, na alama hiyo kwa kawaida hudumu siku 10 kabla ya kuruhusiwa kuondolewa.

Sasa tuseme fundi anaingiza mafaili ya bakapu ya mwezi uliopita kwenye klasta inayoendelea kufanya kazi. Alama za kufuta zimeshatoweka. Mteja aliyeomba taarifa zake ziondolewe anarudi kwenye mfumo kama vile hakuwahi kuondoka.

Kwa sababu hiyo, bakapu ya zamani hufunguliwa kwenye klasta iliyotengwa kwanza, kisha kinachohitajika ndicho kinachohamishwa.

GitLab walitokaje?

Kumbe lile ghala la S3 lilikuwa tupu kwa sababu ndogo ya kushangaza. Programu ya kuchukua bakapu ilikuwa toleo la 9.2, wakati kanzidata yenyewe ilikuwa 9.6. Kila ilipojaribu, ilishindwa.

Barua pepe za kuonya zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kuwa hazikuwa na saini inayotakiwa. Basi hakuna aliyejua.

Wakaokolewa na bahati. Saa 6 hivi kabla ya ajali, mhandisi yule yule alikuwa amechukua nakala kwa mkono kwa ajili ya mazingira ya majaribio. Kuirudisha kulichukua takriban saa 18, kwa sababu diski za majaribio zilikuwa za polepole.

Kazi za watu zenyewe, yaani programu zao, hazikupotea. Lakini yaliyoandikwa kwenye kanzidata ndani ya zile saa 6 yalikwenda: takriban miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700.

Somo ni lipi?

GitLab haikukosa bakapu kwenye makaratasi. Ilikuwa na njia kadhaa. Kilichokosekana ni mtu mwenye kazi ya kuijaribu kila moja.

Mafundi makini hujibu maswali mawili kabla ya ajali: tuko tayari kupoteza data ya muda gani, na wateja wanaweza kusubiri muda gani? Anayechukua bakapu mara moja kwa siku amekubali kupoteza kazi ya karibu siku nzima.

Kisha huweka nakala mahali ambapo nywila ya klasta haifiki, ili anayeweza kufuta klasta asiweze kufuta na bakapu. Na kila baada ya muda huiwasha klasta ya majaribio kutoka kwenye bakapu, wakiwa na saa mkononi, kana kwamba ajali imeshatokea.

Wewe mwenye simu hauko mbali na jambo hili. Huenda simu yako inasema picha na meseji zako zina bakapu kwenye wingu. Lakini je, umewahi kufungua ukaona nini kimo ndani, na unaikumbuka nywila yake?

Jaribu leo, wakati simu bado iko mkononi. Mwenye kuligundua ghala tupu kabla ya ajali ana muda wa kulijaza.