Simu inasema 'Umefanikiwa', kumbe faili halijafika: Fahamu kinachotokea kati ya seva na seva

Saa tano na nusu usiku, Bagamoyo. Dirisha la maombi linafungwa saa sita kamili. Mdogo wangu amepiga picha cheti chake, amekipakia kwenye tovuti, simu imeandika "Umefanikiwa". Akalala.

Wiki mbili baadaye akaambiwa ombi lake halina cheti.

Tovuti hiyo siitaji. Lakini swali lake linawahusu wengi: kama limepakiwa, limepotelea wapi?

Safari ni mbili, siyo moja

Wengi tunadhani faili linatoka kwenye simu na kwenda moja kwa moja mahali litakapokaa. Mara nyingi sivyo. Linapokelewa na seva ya mbele, ile inayozungumza na simu yako. Hiyo inakagua aina na ukubwa wa faili, kisha inalisukuma kwa seva ya nyuma, ambako ndiko linahifadhiwa.

Watu wa Bagamoyo wataelewa haraka. Enzi za misafara, pembe za ndovu zilibebwa mabegani kutoka bara hadi hapa, halafu zikapakiwa majahazini kwenda Unguja. Mzigo kufika Bagamoyo haikuwa na maana kwamba umefika Unguja. Bado kuna bahari.

Kwa mdogo wangu, "Umefanikiwa" ilitoka mzigo ukiwa bado ufukweni.

Njia mbili za kuvusha mzigo

Ya kwanza: seva ya mbele inasubiri faili lote lifike, inaliweka, ndipo inalituma. Uzuri wake, safari ya pili ikifeli inaweza kujaribu tena bila kukusumbua. Ubaya ni nafasi. Watu 200 wakipakia faili la MB 5 kwa wakati mmoja, hiyo ni MB 1,000. Zote zikiwekwa kwenye kumbukumbu ya seva ndogo, seva inazidiwa. Na usiku wa mwisho ndipo kila mtu anakimbilia.

Ya pili: seva inapokea kipande, inakipitisha hapo hapo, inapokea kingine. Kama kupasiana ndoo za maji kwenye foleni. Haihitaji nafasi kubwa. Lakini mtandao ukikata katikati, seva ya nyuma inaweza kubaki na nusu faili, na seva ya mbele haina nakala ya kutuma upya.

Linakwamia wapi?

*Ukubwa.* Seva ya mbele inaweza kuruhusu MB 5, ya nyuma MB 1 tu. Nginx, programu inayotumika sana kwenye seva duniani, huweka ukomo wa MB 1 kama fundi hajaubadilisha. Picha ya cheti kutoka simu ya kisasa inapita hapo kirahisi.

*Muda.* Nginx hiyo hiyo, ikiwa imesimama mbele, kwa kawaida husubiri seva ya nyuma iseme chochote kwa sekunde 60. Kimya kikizidi hapo, inakata tamaa.

*Njia.* Seva ya nyuma ikiwa nje ya nchi, inategemea nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, simu yako inaweza kuongea vizuri na seva iliyopo Dar es Salaam, lakini seva hiyo ikahangaika kuongea na mwenzake wa ng'ambo.

Fundi afanye nini?

La kwanza: asiandike "Umefanikiwa" mpaka seva ya nyuma ijibu kwamba imepokea na kuhifadhi. Kama kazi inaendelea, aandike "Tumepokea, tunahifadhi". Ni ukweli, na hauumizi mtu.

La pili: alinganishe mzigo pande zote mbili. Kuna hesabu inaitwa SHA-256, inayolipa kila faili alama ya herufi na tarakimu 64, mfano wa alama ya kidole. Hata kipande kidogo kikipotea njiani, alama inabadilika. Zikifanana huku na kule, faili limefika zima.

La tatu: ukomo wa ukubwa uwe mmoja kwenye seva zote.

Na wewe mwenye simu?

Ukiona namba hizi, usifunge ukurasa ukadhani yameisha:

• 413: faili ni kubwa mno. Lipunguze.
• 502: seva ya mbele imepata jibu bovu kutoka nyuma.
• 504: seva ya nyuma imechelewa kujibu. Kwa hii na ya 502, subiri kidogo, angalia kama faili limeingia, kisha jaribu tena.

Ukimaliza, toka kwenye akaunti, ingia upya, fungua faili lako. Likifunguka lote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hapo una uhakika. Piga picha ya skrini ikionyesha namba ya ombi na tarehe.

Na usisubiri saa tano na nusu usiku. Mdogo wangu sasa hupakia siku tatu kabla, na halali mpaka alifungue faili lake mwenyewe.